Yom Kippur, Siku ya Upatanisho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila inapokaribia Septemba au Oktoba huanza kuulizwa maswali yaleyale. Wenzangu wa kanisani wameisoma Siku ya Upatanisho katika Mambo ya Walawi na wanadhani ilikwisha pamoja na hekalu. Jirani zangu Waislamu wakisikia habari za kufunga wanataka kujua kama kuna daku. Mimi si Myahudi. Niliishi Israel miezi 11 nikijifunza kilimo katika jangwa la Arava, na tangu hapo siku hii haijanitoka moyoni. Nimeyakusanya hapa majibu ninayoyatoa kila mwaka.

Yom Kippur ni nini?

Ni siku takatifu kuliko zote katika mwaka wa Kiyahudi, siku ya 10 ya mwezi wa Tishri. Ni siku ya kufunga, kuungama, kuomba msamaha na kuacha kazi zote. Imeagizwa katika Torati, hasa Mambo ya Walawi sura ya 16 na ya 23, ambako inaitwa Sabato ya Sabato, yaani mapumziko makuu.

Jina lenyewe halipaswi kumtisha Mswahili. Kiebrania na Kiarabu ni lugha ndugu, na Kiswahili kimechota sana kwenye Kiarabu, kwa hiyo maneno mengi ya siku hii tunayo tayari mdomoni. *Yom* ni siku, ndiyo ile *yaumu* ya Yaumul Kiyama. *Kippur* inatoka kwenye mzizi mmoja na *kafara*. Saumu kwa Kiebrania ni *tzom*, sadaka ni *tzedaka*, nadhiri ni *neder*, na toba yetu ina undugu na *teshuva*, neno ambalo maana yake ya msingi ni kurudi. Maana hazilingani kila mahali, kama vile watoto wa baba mkubwa na baba mdogo wasivyofanana sura kabisa. Lakini ukizisikia sala zao kwa makini, kuna mahali utashtuka umeelewa bila mkalimani.

Huwa tarehe ngapi?

Mwaka 2026 inaanza jioni ya Jumapili tarehe 20 Septemba na kuisha usiku wa kuamkia Jumanne, yaani baada ya giza kuingia Jumatatu tarehe 21. Mwaka 2027 itaanza jioni ya Jumapili tarehe 10 Oktoba na kuisha Jumatatu tarehe 11. Siku ya Kiyahudi huanza jua linapotua, kama ilivyo kwa Waislamu, na kama wazee wetu walivyohesabu: usiku hutangulia mchana wake.

Kalenda yao hufuata mwezi, lakini katika kila miaka 19 huongezwa mwezi mzima mara 7 ili sikukuu zisihame majira. Ndiyo maana Yom Kippur haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: kwa kalenda ya sasa siku hii haiangukii kamwe Ijumaa wala Jumapili. Ingekuwa hivyo, ingekaa bega kwa bega na Sabato, watu wangekaa siku mbili mfululizo bila kupika wala kuzika. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi, inataja sababu hizo kwa maneno mawili tu: mboga, na maiti. Katika nchi ya joto, kabla ya friji, hayo hayakuwa mambo madogo.

Inahusiana vipi na mwaka wao mpya?

Mwaka mpya, Rosh Hashana, ni tarehe 1 Tishri. Siku 10 kutoka hapo hadi Yom Kippur huitwa siku za toba. Mapokeo husema hukumu ya mwaka huandikwa Rosh Hashana na kutiwa muhuri Yom Kippur, kwa hiyo siku zilizo katikati ni za mtu kujitengeneza. Mwezi mzima unaotangulia, Eluli, nao ni wa maandalizi. Mapokeo yanafuata nyayo za Musa: baada ya dhambi ya ndama ya dhahabu alipanda tena mlimani kwa siku 40, akashuka na mbao mpya za mawe siku hiyohiyo ya 10 Tishri. Ukilielewa hilo utaona kwamba, pamoja na uzito wake, siku hii mizizi yake ni kusamehewa.

Kwa hiyo mtu akifunga siku hiyo anasamehewa kila kitu?

Hapana. Kama utasoma jibu moja tu katika haya yote, lisome hili.

Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika mwanzoni mwa karne ya 3, inatenganisha makosa katika mafungu mawili. Makosa kati ya mtu na Mungu, Yom Kippur huyafuta kwa aliyetubu. Makosa kati ya mtu na mwenzake, Yom Kippur haiyafuti mpaka umwendee mwenzako na kumridhisha. Hapohapo Mishna inaongeza kwamba anayesema, “Nitatenda dhambi, kisha Yom Kippur itanifutia,” Yom Kippur haimfutii.

Maana yake ni kwamba huwezi kumtumia Mungu kama mlango wa nyuma. Umemdhulumu mtu shamba? Rudisha shamba kwanza. Umemsema vibaya kijiweni? Mtafute. Musa bin Maimuni, mwanasheria na tabibu mkubwa aliyefariki Misri mwaka 1204, alieleza utaratibu wake: aliyekosewa akikataa, mwendee tena pamoja na watu watatu, ukataliwe tena, urudi mara ya pili na ya tatu. Akikataa bado, kosa sasa limemwangukia yeye, kwa kuwa si halali kwa mtu kuwa mkatili asiyesamehe. Na kama uliyemkosea amekwisha kufa? Chukua watu 10, nenda nao kaburini kwake, uungame mbele yao. Kama ulikuwa na deni lake, walipe warithi.

Nilisoma hayo baadaye. Kwanza niliyaona. Septemba ni msimu wa tende kule Arava, na siku ya mkesha wa Yom Kippur tulikuwa kwenye banda la kuchambulia tangu alfajiri. Wiki tatu kabla, mzee mwenye shamba alikuwa amenifokea mbele ya wote kwa sababu ya kreti la tende lililoanguka, akasema sina mikono. Kumbe kreti lenyewe lilikuwa limevunjika mshikio. Asubuhi ile aliingia, akazima mashine, akangoja hadi ukanda usimame kabisa na kelele ziishe. Ndipo akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza: nilikukosea mbele ya hawa, nakuomba radhi mbele ya hawa.

Nikajibu haraka, “Yameisha, mzee,” kama tunavyojibu nyumbani. Akatikisa kichwa. Hakuyataka yaishe hivihivi. Aliniuliza kama nimemsamehe kweli, na kama bado, akasema atarudi mchana kabla jua halijatua. Nikatazama chini, nikajiuliza kwa dhati kwa mara ya kwanza. Nikamwambia nimekusamehe. Akawasha mashine akaenda kwa mwingine, kijana wa Kithai aliyekuwa akipanga maboksi, akaizima tena.

Wanafungaje? Kuna daku? Hata maji hawanywi?

Hata maji. Saumu huanza kabla jua halijatua na kwisha nyota zinapoonekana kesho yake, takriban saa 25 mfululizo. Hakuna daku, kwa sababu usiku wote ni sehemu ya saumu. Badala yake kuna mlo wa mwisho alasiri ya mkesha, na kula siku hiyo ya 9 ni amri ya dini. Talmudi inasema anayekula vizuri tarehe 9 amehesabiwa kama aliyefunga 9 na 10. Wanakwepa chumvi na viungo vikali visije vikaleta kiu.

Mishna inataja makatazo matano: kula na kunywa, kuoga, kujipaka mafuta, kuvaa viatu vya ngozi, na tendo la ndoa. Juu ya hayo kuna makatazo yote ya kazi kama ya Sabato: hakuna kuwasha moto, kupika, kuandika wala kuendesha gari.

La viatu huwashangaza wageni. Ngozi ilikuwa ndiyo starehe ya miguu, kwa hiyo inaachwa. Utamwona mzee wa heshima, suti nyeupe au joho jeupe, chini amevaa raba za kitambaa au kandambili za plastiki, na hakuna anayemcheka kwa sababu wote wamevaa hivyo.

Mgonjwa je? Mjamzito? Watoto?

Uhai hutangulia saumu. Ambaye kufunga kutahatarisha maisha yake haambiwi kwamba *anaweza* kula. Anaambiwa *ale*, na akikataa kwa ucha Mungu anahesabika amekosea. Mishna yenyewe, katika sura ileile inayoeleza makatazo, inasema mjamzito aliyesikia harufu ya chakula akazidiwa na hamu hulishwa mpaka roho itulie. Mgonjwa hulishwa kwa kauli ya wataalamu. Na kama madaktari wanasema hahitaji kula lakini mwenyewe anasema anahitaji, husikilizwa yeye. Talmudi inategemea Mithali 14:10: moyo ndio unaoujua uchungu wake.

Wapo wagonjwa ambao hupewa chakula na maji kwa vipimo vidogovidogo, kwa nafasi baina ya kipimo na kipimo. Hayo huamuliwa na daktari pamoja na rabi wao. Husimuliwa kwamba mwaka 1848, kipindupindu kilipouvamia mji wa Vilna, Rabi Israel Salanter aliagiza watu wasifunge, na yeye mwenyewe akala mbele ya mkutano sinagogi ili kila mtu aamini.

Wavulana hufunga wakitimiza miaka 13, wasichana 12. Walio chini kidogo ya hapo huzoeshwa kwa saa chache. Wadogo kabisa hawafungishwi.

Kwa nini nguo nyeupe?

Sababu zinatajwa nyingi: usafi, kufanana na malaika, na sanda. Wanaume wengi, hasa wa mapokeo ya Ulaya ya Mashariki, huvaa joho jeupe la kitani au pamba ambalo mtu huweza kuja kuzikwa nalo. Mtu anasimama mbele ya Mungu kama siku ya mwisho, hana mfuko, hana mapambo. Wengi hawavai dhahabu, kwa kukumbuka ile ya ndama.

Lakini kuna nyeupe nyingine, na hii naipenda zaidi. Mishna inasimulia kwamba zamani hakukuwa na siku za furaha kwa Israeli kama tarehe 15 ya mwezi wa Abu na Yom Kippur. Mabinti wa Yerusalemu walitoka kucheza ngoma katika mashamba ya mizabibu wakiwa wamevaa nguo nyeupe za *kuazima*. Hata aliyekuwa nayo aliazima ya mwenzake, ili asiye nayo asione aibu.

Kol Nidre ni nini? Ni kweli inawaruhusu kuvunja ahadi?

Kol Nidre maana yake ni “nadhiri zote”. Ni tamko la Kiaramu linaloimbwa mwanzoni kabisa, jua likiwa bado halijatua. Vitabu vya Torati hutolewa kwenye sanduku lake, wanaovishika husimama kulia na kushoto kwa mwimbishaji, hivyo watatu hao wanakuwa kama baraza la mahakama. Kisha huimbwa mara tatu, mara ya kwanza kwa sauti ya chini kama mtu anayeingia ikulu kwa woga, kisha kwa sauti kubwa zaidi. Kabla yake hutamkwa ruhusa ya kusali pamoja na wakosaji. Hilo hunigusa kila ninapolisoma: kabla ya neno lolote, mlango unafunguliwa kwa waliotengwa.

Sasa, je, inafuta ahadi? Inahusu nadhiri ambazo mtu amejiwekea mwenyewe kwa Mungu na akashindwa, au atakazojiwekea pasipo kufikiri. Haigusi deni, haigusi mkataba, haigusi kiapo cha mahakamani wala ahadi uliyompa mtu mwingine. Marabi wakubwa wa Babeli katika karne za kati waliipinga wakihofia watu watazichukulia nadhiri kirahisi. Katika karne ya 12 marabi wa Ufaransa wakabadili maneno yake yaelekee mwaka ujao badala ya uliopita. Jamii nyingine zikabaki na ya zamani, nyingine zikaunganisha yote mawili.

Uvumi kwamba kiapo cha Myahudi hakiaminiki kwa sababu ya Kol Nidre umewaumiza watu wengi. Kwa karne kadhaa mahakama za Ulaya ziliwalazimisha Wayahudi kula kiapo maalumu cha kudhalilisha. Ufaransa iliachana nacho mwaka 1846 tu. Ukiukuta uvumi huo kwenye makundi ya WhatsApp, tafadhali usiusambaze.

Wanafanya nini sinagogi siku nzima?

Siku za kawaida kuna sala tatu, Sabato nne. Yom Kippur ndiyo siku pekee yenye sala tano. Katika kila moja kuna maungamo, na hayo yamepangwa kwa alfabeti, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kama kusema makosa yetu yamejaza lugha nzima. Kwa kila kosa mtu hujigonga kifua taratibu kwa ngumi, upande wa moyo.

Yote yamo katika wingi: tumekosa, tumesaliti, tumeiba. Aliyeiba na asiyeiba wanasema “tumeiba”. Hivyo mwenye kosa haonekani, anajificha ndani ya sauti ya wote, na asiye na kosa anabeba la mwenzake. Na ukiisoma orodha ndefu zaidi utakuta makosa mengi ni ya ulimi: umbea, dhihaka, kiapo cha bure, maneno ya kipuuzi.

Asubuhi husomwa Walawi 16, kisha Isaya 58, ambapo nabii anawaka: mnafunga na huku mnagombana na kuwakandamiza wafanyakazi wenu, saumu ni kumgawia mwenye njaa mkate na kumsitiri aliye uchi. Jioni husomwa kitabu kizima cha Yona. Watu wa Ninawi hawakuwa Waisraeli, na toba yao ilipokewa. Aliyenuna ni nabii.

Mbuzi wa Azazeli ni nini? Bado wanachinja?

Hekalu lilipokuwa limesimama Yerusalemu, siku hii ilimwelemea mtu mmoja, Kuhani Mkuu. Siku 7 kabla alihamishwa nyumbani akae hekaluni, na kuhani mwingine akaandaliwa kuwa mbadala wake endapo lolote litatokea. Usiku wa mkesha hakuruhusiwa kulala. Akianza kusinzia, makuhani vijana walimlizia vidole na kumwambia asimame kwenye sakafu ya baridi. Mchana alijitumbukiza majini mara 5 na kubadili mavazi, ya dhahabu kisha ya kitani nyeupe, kisha tena. Ni siku hiyo tu katika mwaka mzima ambapo mtu aliingia Patakatifu pa Patakatifu, na ni yeye peke yake.

Waliletwa mbuzi wawili wanaofanana kwa sura, kimo na bei. Kura ikapigwa: mmoja wa Bwana, akatolewa sadaka, mwingine wa Azazeli. Huyu wa pili alifungwa uzi mwekundu wa sufu, Kuhani akaweka mikono juu yake na kuungama makosa ya watu wote, kisha mtu mmoja akamwongoza kwenda jangwani. Njiani kulikuwa na vibanda, na katika kila kibanda yule mwongozaji aliambiwa: chakula hiki hapa, maji haya hapa. Alikuwa na ruhusa ya kula. Hata kazi hiyo nzito haikumnyima mtu huruma.

Huku kwetu tunasema “mbuzi wa kafara” kwa mtu anayebebeshwa makosa ya wengine. Kwa usahihi, anayefanana naye ni huyu wa pili, ambaye hakutolewa madhabahuni.

Hekalu liliharibiwa na Warumi mwaka 70, na kafara za wanyama zikakoma. Leo ibada ile husomwa kwa maneno, hatua kwa hatua, na inapofikia pale ambapo watu walianguka kifudifudi, wengi nao hupiga magoti na kugusa sakafu kwa paji la uso. Mwislamu akiiona atadhani ni sijda. Kuna pia desturi ya mkesha ya kumzungusha kuku juu ya kichwa, kisha kuchinjwa na kupewa maskini. Siyo kafara ya Torati, na marabi wengine waliipinga, akiwemo Yosef Karo aliyetunga sheria zinazofuatwa hadi leo. Wengi hutumia pesa badala ya kuku, wakazitoa sadaka.

Je, Yom Kippur ndiyo Ashura?

Swali zuri, na Waislamu wa pwani wana haki ya kuuliza. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume alipofika Madina aliwakuta Wayahudi wakifunga siku ya Ashura, wakamweleza ni siku Mungu aliyomwokoa Musa; naye akafunga na kuamrisha ifungwe. Baadaye Ramadhani ilipofaradhishwa, Ashura ikabaki sunna. Ashura ni siku ya 10 ya Muharram na Yom Kippur ni siku ya 10 ya Tishri, na watafiti wengi wanaona undugu hapo. Lakini leo hazikutani isipokuwa kwa nadra, kwa sababu kalenda ya Hijria haiongezewi mwezi. Na maudhui yametengana: Wayahudi huukumbuka wokovu kutoka kwa Farao wakati wa Pasaka, si Yom Kippur.

Wakristo wanaikuta wapi?

Waraka kwa Waebrania sura ya 9 umejengwa juu ya Kuhani Mkuu kuingia Patakatifu pa Patakatifu mara moja kwa mwaka. Wengi huupita bila kuuona mstari wa Matendo 27:9, ambapo safari ya Paulo baharini ilikuwa ya hatari kwa kuwa saumu ilikwisha kupita. Saumu hiyo ni Yom Kippur. Baada yake bahari ya Mediterania huchafuka. Wavuvi wetu wanaozijua kusi na kaskazi watalielewa hilo upesi. Kwa Waadventista Wasabato, ambao ni wengi Kenya, Tanzania na Rwanda, tarehe 22 Oktoba 1844 ilihesabiwa kuwa Siku ya Upatanisho ya mwaka huo, na fundisho lao la hukumu katika patakatifu pa mbinguni linaanzia hapo.

Afrika Mashariki kuna wanaoiadhimisha?

Wapo. Nairobi ina jamii ya Kiyahudi tangu mwanzo wa karne ya 20, na sinagogi yake iko University Way, katikati ya jiji. Wengi hupita kando ya ua wake kila siku bila kujua. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, walioanza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Idi Amin alipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970. Waliosali walisali kwa siri mpaka utawala wake ulipoanguka 1979. Lubumbashi kuna sinagogi iliyojengwa mwaka 1930, mji ukiitwa Elisabethville, na wengi wa jamii hiyo walitoka kisiwa cha Rhodes. Na kaskazini mwetu, Wayahudi wa Ethiopia waliitunza siku hii kwa jina la Astasreyo, kwa lugha ya Geez, kwa karne nyingi bila Talmudi mkononi.

Israel huwaje siku hiyo?

Kimya. Uwanja wa ndege unafungwa, redio na televisheni za nchi hazitangazi, maduka yamefungwa, barabara kuu hazina gari. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuliacha gari lake. Watu wameliacha tu. Jioni ya mkesha tulitembea katikati ya barabara kuu tukiwa watatu. Watoto wa wasiosali walitupita kwa baiskeli, kundi baada ya kundi, wakiwa hawana taa, wakicheka gizani. Kulikuwa na utulivu wa kukuwezesha kusikia mnyororo wa baiskeli ikiwa mbali.

Ni katika kimya hicho, tarehe 6 Oktoba 1973 mchana, Misri na Syria zilishambulia. Redio zilizokuwa zimezimwa zikawaka ghafla, wanajeshi wa akiba wakaitwa kutoka ndani ya masinagogi. Kwa Waislamu waliokuwa upande wa pili ilikuwa tarehe 10 Ramadhani, nao wamo kwenye saumu. Vita hivyo hadi leo vina majina mawili, la Yom Kippur na la Ramadhani, na kila familia ninayoijua kule ina jina la mtu hulitaja siku hiyo wakiwasha mshumaa wa marehemu.

Nina mwajiri au rafiki Myahudi. Nimwambie nini?

Kabla ya saumu, mtakie mwisho mwema wa kutiwa muhuri: *gmar hatima tova*. Au sema kwa Kiswahili, nakutakia saumu nyepesi. Usimpangie kikao siku hiyo, hata kama humwoni sinagogi mwaka mzima. Wengi wasioshika mengine hushika hili. Sandy Koufax, mrushaji bora wa besiboli Marekani, aliikosa mechi ya kwanza ya fainali tarehe 6 Oktoba 1965 kwa sababu ilikuwa Yom Kippur.

Inaishaje?

Sala ya tano inaitwa Neila, kufungwa, kwa maana ya kufungwa kwa malango. Sanduku la Torati huachwa wazi, na anayeweza husimama muda wote, baada ya siku nzima bila maji. Sauti zimekauka. Mwishoni husemwa Shema, kauli yao kuu ya imani, mara moja, “Libarikiwe jina la utukufu wa ufalme wake” mara tatu, na “Bwana ndiye Mungu” mara saba. Kisha shofari, pembe ya kondoo dume, hupulizwa mlio mmoja mrefu, mrefu mpaka unajikuta nawe umezuia pumzi. Wanaimba: mwakani Yerusalemu.

Nilikuwa nje dirishani nilipousikia. Watu walitoka wakikumbatiana, wakatazama juu kuutafuta mwezi wauombee, kisha wakaenda kufuturu: keki, chai, samaki wa chumvi. Yule mzee wa shamba alinipitishia sahani ya tende kutoka kreti letu wenyewe. Siku nne zilikuwa zimebaki kabla ya Sikukuu ya Vibanda, na desturi ni kuanza kibanda usiku uleule. Hata chai haijapoa, kutoka nyumba ya pili nikasikia mtu anapiga msumari.